Siri ya Familia na Sitara ya Mtoto

Kila inapozungumzwa riwaya ya kifamilia ambamo mtoto ameumizwa na mtu wa nyumbani na wakubwa wakakubaliana kunyamaza, hakosekani msomaji wa kusema kwamba bibi au mama katika hadithi hiyo "alimsitiri mtoto". Nimelisikia neno hilo likitumiwa hivyo mara nyingi mno, na sasa naona vyema nilitetee neno lenyewe dhidi ya matumizi hayo.

Siri ya familia, kwa maana inayohusika na riwaya za aina hii, ni jambo linalojulikana na baadhi ya jamaa, wakaafikiana kwa kauli au kwa kimya lisitamkwe, na ambalo kutotamkwa kwake kunaendelea kuyaongoza maisha hata ya wale wasiolijua. Maana hiyo yatosha. (Wala riwaya haiitwi ya kifamilia kwa kuwa inafaa kusomwa na watu wa rika zote, kama wengine wanavyodhani, inaitwa hivyo kwa kuwa mgogoro wake umo ndani ya ukoo, na mara nyingi huvuka kizazi kimoja.)

Penye utata ni kwenye sitara. Siri na sitara yote mawili yametujia kutoka Kiarabu, na kwa kuwa yanakaribiana kwa sauti na yote yanagusa kufichika, watu huyachukulia kuwa ndugu wa tumbo moja. Si ndugu. Siri imetoka kwenye neno lenye maana ya kilichofichwa moyoni, na humo Kiswahili kikapata msiri, yaani mtu anayeaminiwa na kuambiwa yasiyoambiwa wengine. Sitara imetoka kwenye mzizi mwingine kabisa, wenye maana ya kufunika, ambao ndio uliowapa Waarabu jina la pazia. Ndiyo maana twasema nguo humsitiri mtu, na aliyekosa pa kulala akipewa chumba husema amesitirika. Siri hufichwa, na sentensi ikakamilika bila ya kumtaja anayenufaika. Kusitiri, kinyume chake, hutulazimisha kuuliza: aliyefunikwa ni nani?

Swali hilo likiulizwa ndani ya riwaya, sifa ya bibi yule huyeyuka. Mjomba aliyemuumiza mtoto, na anayeendelea kukaribishwa mezani, ndiye aliyesitiriwa. Jina la ukoo limesitiriwa. Mtoto, anayeagizwa amwamkie mjomba huyo kwa adabu kila ajapo, ameachwa uchi. Wala hawezi kuitwa msiri, kwa kuwa msiri huaminiwa na akakubali, ilhali mtoto hutwikwa tu mzigo asioweza kuukataa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mwandishi hodari wa riwaya hizi hujua kwamba kata ya nyumba hiyo ni mtoto. Kwa hiyo huuacha mwenendo wake useme mapema, kwa kukataa kuingia chumba fulani au kunyamaza ghafla mtu fulani anapobisha hodi, kabla mtu mzima yeyote hajathubutu kufungua kinywa.

Wapo watakaouliza kama basi yote yatangazwe hadharani. La, hasha, kwa hilo tunalo neno la tatu, faragha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unayabeba mambo haya pamoja bila mgongano: ibara ya 16 inalinda faragha ya mtoto, na ibara ya 19 inazitaka nchi zimlinde dhidi ya ukatili na unyanyasaji, hata akiwa mikononi mwa wazazi au walezi wake. Faragha ni mali ya mtoto mwenyewe: mkasa wake huelezwa kwa wanaoweza kumkinga, na hauwi maongezi ya kila apitaye. Siri ya familia ni mali ya wakubwa, hata inapomhusu yeye peke yake.

Basi msomaji anayependa kumtetea bibi wa riwaya, na huenda ana sababu nzuri, kwani bibi mwenyewe pengine alinyamazishwa utotoni, aseme kwamba bibi aliitunza siri, au kwamba aliogopa. Neno kumsitiri angeliweka akiba kwa ajili ya yule shangazi wa sura za mwisho, aliyemchukua mtoto usiku akaondoka naye.