Mashine inasema 98, mbona mtoto anahema?

“Daktari, wametuambia mashine imesoma 98, mtoto yuko sawa. Mbona basi anahema hivi?”

Aliyeniuliza ni bibi mmoja kutoka Ukerewe, aliyevuka ziwa kuja Mwanza na mjukuu wa miaka minne mgongoni. Kabla ya hapo walipita kituo kimoja, mtoto akabanwa kidole na kile kifaa cha kupima oksijeni, namba ikaonekana nzuri, wakarudishwa nyumbani. Nilipofungua kitenge niliona mbavu zikibonyea kwa kila pumzi na viganja vyeupe kama karatasi. Nikahesabu pumzi kwa dakika nzima: 56. Kwa umri wake, hata 40 tayari ni nyingi.

Bibi alikuwa sahihi kutoridhika, na ningependa kila mlezi awe na wasiwasi kama wake. Kifaa kile hakipimi kiasi cha oksijeni kilichomo mwilini. Kinapitisha mwanga kidoleni na kukadiria ni asilimia ngapi ya himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, imebeba oksijeni. Fikiria alfajiri pale Mwaloni Kirumba, magunia ya dagaa yanapakiwa kwenye lori. Ukiambiwa kuli 98 katika kila 100 wana gunia begani, utasema kazi inakwenda. Lakini kama leo wamefika theluthi tu ya kuli wa siku zote, lori litajaa saa ngapi?

Gramu moja ya himoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Mtoto mwenye gramu 12 katika kila mililita 100 za damu ana karibu mililita 16 za oksijeni humo. Mjukuu yule alikuwa na gramu 4, yaani mililita 5 na ushee, ingawa kila kuli wake alikuwa amebeba. Malaria na sikoseli, ambayo huku Kanda ya Ziwa tunaishi nayo kila siku, huvunja chembe nyekundu namna hiyo.

Mwili ukikosa oksijeni hauachi kufanya kazi. Unachoma sukari bila oksijeni, na kinachobaki ni tindikali inayomwagika kwenye damu. Damu haivumilii hilo: pH yake, kipimo cha tindikali ambacho namba ikishuka tindikali imezidi, hukaa kati ya 7.35 na 7.45, na ikishuka chini sana, moyo wenyewe hulegea. Njia ya haraka ya kupunguza tindikali ni pumzi, kwa sababu hewa ukaa ikikutana na maji ya damu hugeuka tindikali, hivyo kila unapoitoa nje unapunguza mzigo. Mapafu hufanya kazi hiyo kwa dakika. Figo nazo husaidia, ila huchukua saa nyingi hata siku. Basi mtoto yule alihema akiwa na mapafu mazima kabisa; alikuwa anapambana na tindikali. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imepanda mno huhema kwa kina vivyo hivyo, na namba ya kidoleni huwa nzuri tu.

Kinachonitisha zaidi ni mgonjwa anayetulia. Mtu wa pumu amehema usiku kucha, amewekewa oksijeni, namba inasoma 96, halafu anaacha kuhangaika na kuanza kusinzia. Ndugu wanashukuru Mungu kwamba amepata usingizi. Jamani, mwiteni muuguzi hapo hapo! Misuli ya kifua imechoka. Mtungi unaingiza oksijeni, lakini hautoi hewa ukaa. Hiyo hutolewa na kifua kinachopanda na kushuka. Ndiyo maana tunachoma sindano kwenye ateri, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, pale kwenye kifundo cha mkono, na kupima hewa ukaa iliyomo. Kawaida hewa ukaa ni 35 hadi 45 kwa vipimo vya milimita za zebaki. Ikipanda kupita hapo huku mgonjwa anasinzia, anahitaji kusaidiwa kupumua.

Na waliolala na jiko la mkaa ndani usiku wa mvua, kifaa hicho huwadanganya kabisa: moshi wake una gesi inayong'ang'ania himoglobini, na kifaa huisoma kama oksijeni.

Sisemi kitupwe. Kikisoma chini ya 90, hiyo ni dharura. Himoglobini inavyoachia oksijeni ni kama miamba yetu ya Mwanza: juu ni tambarare, unatembea kutoka 100 hadi 90 bila kuona tofauti kubwa, kisha ghafla ni genge. Ndiyo sababu hata huku ziwani, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mtu mzima wa afya husoma 95 na kuendelea. Wepesi wa hewa yetu haujamfikisha ukingoni.

Nyumbani, mtoto akiwa ametulia, mpandishe shati na uhesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu. Wa miezi miwili hadi chini ya mwaka, 50 na zaidi ni nyingi. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40. Tazama mbavu. Weka kiganja chake kando ya chako. Ukiona tatizo, usikubali namba peke yake ikurudishe. Omba apimwe na wingi wa damu.

Mjukuu wa Ukerewe aliongezewa damu usiku ule. Asubuhi nilimbana tena kidole, kifaa kikasoma 98, vilevile. Pumzi zilikuwa 30, na bibi alikuwa anampulizia uji upoe.