Piano ya Mozart haikuwa piano changa

Wengi wakisikia sonata (tungo za ala zenye sehemu kadhaa) za mtunzi Mozart kwenye piano ya enzi zake hudhani chombo kile kilikuwa bado hakijakomaa: sauti nyembamba, inazimika upesi. Sivyo. Piano aliyokuwa nayo, kazi ya fundi Anton Walter wa Vienna, ilikuwa na oktava 5, fremu ya mbao na nyundo ndogo zilizovikwa ngozi. Kuzimika upesi ndiko kunakozipa noti uwazi.

Beethoven, katika sonata ya "Mwangaza wa Mwezi" (1801), aliagiza vizuia-sauti (vinavyonyamazisha nyuzi) viinuliwe sehemu nzima ya kwanza. Kwenye piano ya leo yenye fremu ya chuma, ukimtii kikamilifu sauti huvurugika, kwa kuwa noti hazizimiki upesi. Ukitaka kusikia piano za aina ile, msikilize mpiga piano Ronald Brautigam, ambaye kwa kawaida hupiga nakala mpya za piano hizo, si vyombo vya makumbusho.