Hogo Likitoka Ndipo Kazi Inapoanza: Kwa Waliopasuliwa Kifundo cha Mguu

Septemba 8 ni Siku ya Fiziotherapia Duniani, na wiki hiyo kitengo chetu cha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, hapa Moshi hutoa elimu kwa umma. Mwaka huu sikutafuta mada mbali. Nimechukua inayoingia mlangoni kwetu yenyewe: mtu kavunjika kifundo, kapasuliwa, chuma kimekaa sawasawa kwenye picha ya eksirei, kisha kapotea. Anarudi baada ya miezi mitano na gongo moja, mguu umekakamaa kama mchi wa kinu, na swali lake la kwanza ni lini tutamtoa chuma.

Hilo la chuma nilimalize mapema. Si kila chuma hutolewa. Mfupa ukishaunga na chuma kisikusumbue, unaweza kuzeeka nacho. Zipo skrubu ambazo daktari hupanga kuzitoa, na atakuambia mwenyewe. Lakini aliyekakamaa kwa kukosa mazoezi hatanyooka kwa sababu chuma kimetoka. Na chuma hakivuti baridi ya mlima, tafadhali. Maumivu ya asubuhi kule Kibosho au Marangu wakati wa Julai yanatokana zaidi na kiungo kilicholala usiku kucha bila kuchezeshwa.

Jinsi mfupa unavyoungwa sitaeleza, uliambiwa wodini. Niseme tu kwamba wiki za mwanzo, mara nyingi kama 6, hukanyagi mpaka daktari aliyekupasua akuruhusu. Ruhusa hiyo haitoki kwa shemeji yako aliyewahi kuvunjika, wala haitoki kwangu. Mvunjiko wa upande mmoja na ule wa pande mbili haviendi kwa kalenda moja, kwa hiyo maelezo haya ni ya jumla, na karatasi uliyopewa siku ya kuruhusiwa ndiyo inayotawala.

Katika wiki hizo kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kuinua mguu, na kuinua maana yake kifundo kiwe juu kuliko moyo: umelala, mito miwili chini ya muundi. Kukaa kwenye kochi na mguu juu ya kigoda hakutoshi. Ya pili ni kuchezesha vidole, goti na nyonga, kila saa uwapo macho. Misuli ya shavu la mguu ndiyo inayosukuma damu kurudi juu, na ikilala, damu inaweza kuganda mshipani. Shavu la mguu likivimba ghafla, likiwa la moto na linauma ukiliminya, njoo siku hiyo hiyo. Ukibanwa na kifua au pumzi, usisubiri kliniki, nenda idara ya dharura. Vivyo hivyo kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, au hogo, ile plasta ngumu ya mguu, likibana mpaka vidole vigeuke rangi au viwe na ganzi.

Magongo nayo. Sijui nani alieneza kwamba unayaning'inia kwa makwapa. Kati ya kwapa na kichwa cha gongo paingie vidole viwili au vitatu, na uzito ubebwe na viganja. Ukiegemea kwapani, unabana mishipa ya fahamu, na utaniletea mkono wenye ganzi juu ya mguu uliovunjika. Kwenye ngazi, kupanda mguu mzima unatangulia. Kushuka yanatangulia magongo pamoja na mguu mgonjwa. Nyumba zetu za milimani zina ngazi za udongo zinazoteleza masika yote, na kandambili hapo ni adui. Vaa raba kwenye mguu mzima, na kagua vile vipira vya chini ya magongo. Vikilika, fundi viatu anaweza kukukatia vingine kwa tairi.

Sasa hogo linatolewa. Kijana mmoja wa bodaboda alitazama mguu wake ukitoka kwenye lile ganda, mwembamba, ngozi inabanduka kama maganda ya kitunguu, akasema polepole, "Huu siyo wangu." Ni wako. Misuli hupungua ikikaa bila kazi, na kovu la ndani hushika tabaka zilizopaswa kuteleza. Uvimbe wa jioni unaweza kuendelea kwa miezi kadhaa, hata mwaka, na peke yake si dalili kwamba upasuaji umeharibika.

Hapo ndipo wengi hupotelea kwa wakandaji. Najua wanakotoka: bibi zetu walikanda, na mafuta ya kondoo hayakuanza jana. Kupaka mafuta na kulisugua kovu taratibu, baada ya kidonda kufunga kabisa, sina ugomvi nako. Hata mimi hufundisha. Ugomvi wangu ni maji ya moto juu ya kifundo kilichovimba na ngozi yenye ganzi, ambapo mgonjwa anaungua bila kujua, na kule kuuvuta mguu kwa nguvu "urudi mahali pake". Mahali pake pameshikwa na skrubu! Na aliyekwambia supu ya makongoro inatosha, basi na aje akuchuchumalie chooni.

Nimetaja choo makusudi. Vitabu hupima kifundo kwa nyuzi (digrii), lakini mgonjwa wangu anataka kuchuchumaa kwenye choo cha shimo, kusujudu, kupanda daladala, na kushuka bondeni kukata majani ya ng'ombe. Vyote hivi vinadai kifundo kikunje kwenda juu, goti litangulie mbele ya vidole na kisigino kibaki chini. Mwendo huo ndio hupotea kwanza na hurudi mwisho.

Mama mmoja wa Uru alinionyesha kazi yake vizuri kuliko wanafunzi wangu. Alikaa mkekani, mguu umenyooka, akapitisha kanga chini ya nyayo, akaivuta kwa mikono miwili mpaka shavu la mguu likakaza, akahesabu hadi 30 kwa Kichagga, akalegeza. Mara tatu, asubuhi, mchana na jioni. Baada ya wiki mbili tulimwongezea ukanda wa tyubu ya baiskeli, uliofungwa kwenye mguu wa meza, ausukume na kuuvuta pande zote nne. Daktari aliporuhusu kukanyaga, akasimama mbele ya ukuta, nyayo chini yote, akasogeza goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Siku ya kwanza kidole gumba kiliugusa ukuta. Kila wiki alirudisha mguu nyuma kidogo, akapima nafasi kwa upana wa vidole vyake, akaandika kwa mkaa nyuma ya mlango. Alipofika vidole vinne alianza kuchuchumaa akishika nguzo.

Maumivu je? Yanayokuja ukifanya mazoezi na yakatulia kabla ya kesho yake yanavumilika. Ukiamka umevimba kuliko jana, punguza, usiache.

Nije kwenye karatasi, maana hapa malalamiko hayaishi. Ukija mara ya kwanza, lete barua ya rufaa, muhtasari wa kuruhusiwa wodini, picha za eksirei na kadi ya bima kama unayo. Picha iliyobaki nyumbani kwa mjomba Boma Ng'ombe haitusaidii. Kama uliumia barabarani unahitaji PF3, fomu ya matibabu ya majeruhi kutoka polisi. Kwetu majeruhi wa dharura anahudumiwa kwanza na fomu inafuata, lakini isipofuata utakwama siku ya kudai fidia kwa bima ya chombo. Wapo wanaotuambia waliteleza bafuni huku mguu mzima una michubuko ya lami. Kutoa taarifa ya uongo kwa mtumishi wa umma ni kosa la jinai, na sisi tunaandika tunachokiona.

Kama uliumia kazini, mwajiri ana siku 7 tangu apate taarifa kuripoti ajali kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwambie kwa maandishi na ubaki na nakala. Wengi hawajui kwamba mafao ya mfuko huo hayaishii kwenye matibabu na fedha za ulemavu. Huduma za utengamao, yaani kazi yetu hii, zimo. Fuatilieni, ni haki yenu.

Mwisho kuhusu nani akuguse. Mtaalamu wa fiziotherapia husajiliwa, chini ya sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari na wataalamu wa afya shirikishi, na mganga wa tiba asili ana baraza lake chini ya sheria ya mwaka 2002. Asiyesajiliwa popote anavunja sheria akikutoza hela. Una haki ya kuomba cheti, hata changu, na sitanuna.

Wapagazi huniuliza lini watapanda mlima tena. Kupanda si shida sana. Mwili huteseka zaidi kwenye kushuka, na mzigo mgongoni. Kipimo changu ni hiki: usimame kwa mguu uliopasuliwa peke yake, unyanyue kisigino, urudie mara nyingi karibu sawa na ule mwingine, kisha ushuke ngazi bila kushika ukuta. Kabla ya hapo sikuungi mkono, na daktari wako naye lazima akubali.

Jambo dogo linalotupotezea asubuhi nzima: wagonjwa huja na kiatu kimoja tu, cha mguu mzima. Siku ya kujifunza kutembea, njoo na vyote viwili.