Wekundu kwenye mfupa wa kuku si dalili ya ubichi

Unakata paja la kuku mzima aliyetoka kwenye oveni, unaona wekundu mfupani, hamu inakuisha. Wengi huamini hiyo ni damu, basi humrudisha motoni mpaka kidari kinakauka. Bure tu. Damu nyingi hutoka anapochinjwa, na inayobaki kwenye nyama ni kidogo tu. Kuku wa nyama huchinjwa wachanga, mifupa haijakomaa, hivyo uboho huvuja na kuipa nyama rangi hata ikiwa imeiva kabisa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kinyume chake: nyama yaweza kuwa nyeupe kabla haijawa salama. Tumia kipimajoto. Kichomeke kwenye mnofu mnene wa paja, ncha isiguse mfupa. Kikifika nyuzijoto 74 za Selsiasi, kuku ameiva.