Presha haijulikani kwa kichwa kuuma

Wengi huamini kwamba presha ikipanda lazima kichwa kiume au kisogo kiwe kizito. Kichwa kikitulia, vidonge huwekwa kando. Lakini hata presha ya 160/100 mara nyingi haina dalili yoyote, huku ikiumiza moyo, figo na mishipa ya ubongo kimyakimya.

Kipimo ndicho kinachosema. Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Kojoa kwanza, kisha kaa kimya dakika 5: mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo. Mkanda wa mashine ya kupimia ufungwe kwenye ngozi ya mkono, si juu ya shati; ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba hupanda kwa uongo. Rudia baada ya dakika 1.

Ukipata 140/90 au zaidi siku tofauti, nenda zahanati. Kwa anayetumia dawa, namba nzuri huonyesha kwamba dawa inafanya kazi, tafadhali usiiache.