Ishara Zichaguliwe na Mwenye Mwili

Kazi yangu ni kusanifu programu zinazomwezesha mtu kuiamuru kompyuta kwa mwendo wa mwili, na mara nyingi huulizwa kwa nini siwapi watumiaji wote orodha moja ya ishara zilizokwisha kuandaliwa. Sababu ni miili yenyewe. Mwenye bega linalouma hawezi kuinua mkono juu ya kichwa, anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kutoa amri inayodai kupiga hatua, na hata mwenye afya njema huchoka upesi akishikilia mikono hewani, uchovu ambao wanataaluma huuita kwa utani mkono wa sokwe.

Kupata data si tatizo kubwa tena. Kinect, kifaa cha michezo ya video kilichotolewa na Microsoft mwezi Novemba 2010, kilipima umbali na kufuatilia viungo 20 vya mwili mara 30 kwa sekunde. Leo programu ya MediaPipe ya Google hukadiria mahali pa alama 33 za mwili kwa kamera ya kawaida tu. Kabla ya kulinganisha chochote, mimi huhesabu mahali pa kila kiungo kuanzia katikati ya nyonga, kisha hugawanya vipimo vyote kwa urefu wa kiwiliwili, ili mtoto na mtu mzima wasomeke kwa mizani moja.

Amri nyepesi hutosha kuelezwa kwa kanuni: kifundo cha mkono kikipita kimo cha bega, ukurasa ugeuke. Mtumiaji huielewa kanuni ya namna hiyo na anaweza kuirekebisha mwenyewe, lakini ajaribuye kueleza kupunga mkono kwa kanuni atajaza ukurasa bila kufika popote. Hapo ni afadhali mtumiaji arekodi mwendo wake mara tano, na kila mwendo mpya ulinganishwe na mifano hiyo kwa mbinu ya kunyumbua muda, iliyoanzia kwenye utambuzi wa usemi, ambayo hurefusha sehemu fulani za mfuatano na kufupisha nyingine hadi apungaye polepole alingane na apungaye haraka. (Ikiwa kasi ndiyo inayobeba maana ya ishara, mbinu hii huifuta, hivyo kasi huipima kando.)

Ugumu wenyewe uko katika kukataa. Katika saa nzima mtu hutoa amri chache tu. Muda uliobaki hujikuna, hurekebisha miwani, huzungumza kwa mikono, na kitambuzi kinachotafuta tu mfano ulio karibu zaidi kitayageuza hayo yote kuwa amri. Katika toleo langu la kwanza niliweka kizingiti kimoja, yaani kikomo cha tofauti inayoruhusiwa kati ya mwendo na mfano, nilichokipima kwa mwili wangu, na likawa kosa kubwa. Sasa kizingiti hukokotolewa kutokana na jinsi mifano ya mtumiaji mwenyewe inavyotofautiana, kwa hiyo mwenye mikono inayotetemeka hupata nafasi pana zaidi. Humwomba pia arekodi dakika mbili za kukaa bila kutoa amri, na ishara yake ikijitokeza humo, huonyeshwa kabla hajaihifadhi. Wengi huibadilisha papo hapo.

Ishara ikikataliwa, skrini huchora umbo la mfano na umbo la sasa, na kiungo kilichoachana zaidi na mfano hupakwa rangi. Kabla sijaongeza mchoro huo, watumiaji walikuwa wakirudia ishara ileile kwa nguvu zaidi, na kadiri walivyoongeza nguvu ndivyo walivyozidi kuuacha mfano wao wenyewe.