Kifua kinachouma ghafla: dhana potofu kuhusu kuchanika kwa aota

"Kifua kikiuma sana ni mshtuko wa moyo tu."
Inaweza kuwa, ndiyo. Lakini aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, una tabaka tatu. La ndani likichanika, damu hujipenyeza kati ya tabaka na kuzibandua. Kinachotofautisha zaidi ni mwanzo. Maumivu ya mshtuko wa moyo kwa kawaida hupanda kwa dakika kadhaa, yakibana. Ya aota huwa makali kupita kiasi tangu sekunde ya kwanza, na yanaweza kuhamia mgongoni au tumboni. Muulize mgonjwa: "Yalipoanza ulikuwa unafanya nini?" Wa aota mara nyingi anakumbuka barabara: nilikuwa nainua ndoo. Kosa hapa ni ghali, maana streptokinesi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inayozibua mshipa wa moyo, huzidisha kuvuja damu kwenye aota iliyochanika.

"ECG, kipimo cha umeme wa moyo, imeonyesha mshtuko wa moyo, basi yamekwisha."
Mchaniko ukifika kwenye mdomo wa mshipa unaolisha moyo, hasa wa kulia, ECG hubadilika na troponini, protini ya damu inayoonyesha moyo umeumia, hupanda. Maumivu ya kifua pamoja na kiharusi, kuzimia au mguu uliokufa ganzi ghafla yakufikirishe aota kwanza.

"Presha ya mikono miwili ikilingana, aota ni salama."
Tofauti inayozidi 20 mmHg ni dalili nzuri. Isipokuwepo haithibitishi chochote. Eksirei ya kifua nayo inaweza kutoka safi. D-dimer, kipimo cha damu cha mabaki ya damu iliyoganda, ikiwa chini ya 500 ng/mL inaaminika kwa mwenye hatari ndogo tu. Jibu hutoka kwenye CT ya mishipa yenye dawa ya kung'arisha.

"Ni ugonjwa wa wazee."
Wengi wana presha ya muda mrefu, kweli, ila huwapata pia vijana wenye ugonjwa wa Marfan, wa kurithi unaodhoofisha kuta za aota, na, kwa nadra, wajawazito.

"Presha imepanda, mwekee nifedipini chini ya ulimi."
Tabia hii haijafa. Presha ikishushwa hivyo peke yake, moyo hukimbia na kila pigo huupanua mchaniko. Hutangulia dawa ya maumivu, kama mofini, na labetaloli au esmololi ya mshipani, dawa za kupunguza kasi ya moyo: mapigo chini ya 60 kwa dakika, kisha namba ya juu ya presha kati ya 100 na 120, ikipimwa kwenye mkono wenye namba kubwa. Mchaniko wa sehemu inayopanda kutoka moyoni ni wa upasuaji wa dharura. Wa sehemu inayoshuka, usipoziba mishipa ya viungo wala kupasuka, mara nyingi hutulizwa kwa dawa.